Kitako cha Shotigani ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Uasili wa Mti Wake

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na warithi, wamiliki na wanunuzi wa bunduki za marisau katika Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe, ambako shotigani iliyoachwa na babu mara nyingi huwa imepita mikononi mwa mafundi kadhaa kabla ya kumfikia anayeuliza. Majibu yanahusu mti peke yake. Uwezo wa mtutu kustahimili risasi za leo ni jambo jingine kabisa, na kitako kizuri hakithibitishi lolote kuhusu usalama wa chuma.

## Mambo ya msingi

Kitako kikiitwa cha asili, maana yake ni nini hasa?

Ni kitako kilichofungwa kwenye bunduki hiyohiyo ilipotoka kwa mtengenezaji, kikiwa bado na umbo, urefu na nakshi zake za mwanzo, yaani mistari inayokatizana iliyokatwa kwenye mti pale mkono unaposhika. Hata hivyo, vitako vingi vinavyoletwa kukaguliwa haviwezi kuelezwa kwa ndiyo au hapana. Kipo kitako cha asili ambacho hakijaguswa. Kipo cha asili kilichopigwa msasa na kupakwa vanishi mpya. Kipo cha asili kilichokatwa nyuma ili kimfae mtu mwenye mikono mifupi. Kipo kilichotengenezwa na kiwanda kilekile lakini kikafungwa miaka mingi baadaye. Na kipo kilichochongwa upya na fundi seremala wa hapa. Muuzaji anayesema tu kwamba kitako ni cha asili hajajibu swali, kwa hiyo mwulize ni cha asili kwa maana ipi kati ya hizo.

Sehemu za mti zinaitwaje katika majibu haya?

Kitako ni mti wote wa nyuma. Shingo ni pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio, mgongo ni ukingo wa juu unapoegemea shavu, na kisigino ni pembe ya juu kabisa ya nyuma. Bamba la nyuma ni kipande cha chuma, pembe au mpira kinachokutana na bega, na kishikio cha mbele ni mti ulio chini ya mtutu. Mtambo ni sehemu ya chuma iliyo kati ya mtutu na kitako, na ulimi ni ule mkia wa chuma unaotoka kwenye mtambo na kulala ndani ya shingo. Mchimbo ni pango lililochongwa ndani ya mti ili chuma kikae.

Kama bunduki inapiga vizuri, uasili wa kitako una faida gani?

Una faida mbili. Ya kwanza ni thamani, kwa kuwa mnunuzi anayetafuta bunduki ya zamani hulipia ukamilifu, na mti uliobadilishwa hupunguza bei hata kama umechongwa kwa ustadi. Ya pili, ambayo mimi naiona kubwa zaidi, ni kumbukumbu. Mti huhifadhi alama za matumizi kwa namna ambayo chuma hakihifadhi, na mtu akishaupiga msasa, alama hizo hazirudi tena.

Nianze wapi kabla ya kugusa chochote?

Anza kwa kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi: ifungue, tazama kila chemba kwa macho, kisha pitisha kidole. Bunduki za zamani hazikosi kushangaza, na risasi iliyosahaulika ndani kwa miaka si hadithi ya kutunga. Pia ukaguzi ufanywe na mwenye leseni au mbele yake, kwa mujibu wa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayosimamia silaha na risasi. Bunduki isizungushwe mitaani ikitafutiwa fundi. Kazi ya kuifungua ifanywe na fundi aliyeidhinishwa.

Baada ya hapo, usiifute. Usipake mafuta, usiguse kwa kitambaa chenye maji, wala usikaze skrubu iliyolegea. Uchafu uliojaa kwenye nakshi na kutu iliyo kwenye kichwa cha skrubu ni ushahidi, na watu wengi wenye nia njema huufuta ushahidi huo dakika kumi kabla ya kuomba ushauri.

Ninahitaji vifaa gani?

Tochi yenye mwanga mkali, kioo cha kukuzia, tepu ya kupimia na daftari. Kama kuna haja ya kufungua bamba la nyuma, fundi awe na bisibisi inayoingia kwenye mfereji wa skrubu bila kucheza. Taa ya miale ya urujuani inayotumika kukagua noti za fedha nayo husaidia, kama inavyoelezwa kwenye swali la vanishi.

## Mti wenyewe

Shotigani za zamani zilitengenezwa kwa mti gani?

Kwa sehemu kubwa ni mjozi, unaoitwa walnut kwa Kiingereza. Watengenezaji wa Uingereza, Ubelgiji, Ujerumani na Ufaransa walitumia mjozi wa Ulaya, ambao rangi yake ni kahawia yenye kijivu au njano kidogo na michirizi myeusi kama moshi. Viwanda vya Marekani kama Winchester, Remington na Ithaca vilitumia mjozi mweusi wa huko kwao, wenye kahawia ya kukolea iliyotulia zaidi, huku bunduki zao za daraja la juu zikipewa mara nyingi mjozi ulioagizwa kutoka nje.

Bunduki za bei nafuu zilipewa miti mingine. Marekani walitumia pia mti mweupe wa betula uliotiwa rangi ili ufanane na mjozi, na bunduki za Baikal za Izhevsk, Urusi, hupatikana zikiwa na kitako cha betula, cha biki au cha mjozi. Kwa hiyo kitako cha mti mweupe uliotiwa rangi si lazima kiwe cha kubandika. Kwenye bunduki ya namna hiyo huenda ndicho chenyewe. Mti uliotiwa rangi hujulikana kwenye mikwaruzo, kwa kuwa palipochubuka huonekana weupe.

Nitautofautishaje mjozi na mninga au mkongo?

Swali hili ndilo lenye uzito kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu fundi wa hapa akitakiwa kuchonga kitako kipya huchukua mbao anayoijua, na mbao hiyo aghalabu ni mninga. Uzito hautakusaidia, kwa kuwa mninga mkavu na mjozi hukaribiana mno kwa uzito. Rangi nayo hudanganya baada ya miaka ya mafuta na jasho.

Tazama vitundu. Chukua kioo cha kukuzia na uangalie mahali ambapo mti haukupakwa kitu, kama vile chini ya bamba la nyuma au ndani ya mchimbo. Vitundu vya mjozi huonekana kama vistari vyembamba vyeusi vinavyofuata nyuzi, na ukitazama ncha iliyokatwa utaona kwamba vinapungua ukubwa polepole ndani ya kila pete ya mwaka. Vitundu vya mninga ni vikubwa zaidi na vimetawanyika, na nyuzi zake hupishana, ndiyo maana ukiuzungusha mti kwenye mwanga utaona mapande yanayong'aa na kufifia kwa zamu. Mninga pia huwa na dhahabu au wekundu unaojitokeza pale penye mwanga mkali. Mkongo ni mzito kuliko yote miwili, ni wa kahawia nyekundu, na mara nyingi vitundu vyake huwa na unga wa manjano au mweupe ndani.

Ukipata mninga au mkongo kwenye bunduki ya Birmingham (Uingereza), ya Suhl (Ujerumani) au ya Marekani, jibu limepatikana, kwa kuwa miti hiyo haikuwa ya viwanda vyao. Lakini mjozi peke yake hauthibitishi kinyume chake. Vitako vya mjozi vya akiba viliuzwa na viwanda na wauzaji kwa miongo mingi.

Kitako na kishikio cha mbele vina rangi tofauti. Je, kimoja kimebadilishwa?

Huenda, lakini si ushahidi wa kutosha. Kwenye bunduki ya mitutu miwili ya daraja la kati kwenda juu, mtengenezaji alijitahidi kuvilinganisha, hivyo tofauti kubwa inatia shaka. Kwenye bunduki ya kukokota kwa mkono, yaani ile ambayo kishikio cha mbele huvutwa nyuma na kurudishwa ili kuingiza risasi, kama Winchester Model 12 iliyotengenezwa kuanzia 1912, kishikio na kitako vilichongwa kwa vipande visivyohusiana, na kutofanana kwao ni jambo la kawaida. Isitoshe, kishikio hushikwa zaidi, hupata joto la mtutu na hunywa mafuta mengi. Linganisha umri wa uchakavu badala ya kulinganisha rangi.

## Mti unapokutana na chuma

Ni alama gani moja unayoiamini kuliko nyingine zote?

Ningelazimika kuchagua moja, ningechagua mpaka kati ya mti na chuma. Watengenezaji waliacha mti ukiwa juu ya chuma kwa kiasi kidogo sana, unaoweza kuuhisi kwa kupitisha ukucha kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mti. Kingo za mti hapo huwa kali na zilizonyooka, kisha hulainishwa kidogo na miaka ya kushikwa.

Kitako kilichopigwa msasa huonyesha kinyume. Ukucha hushuka kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mti, kingo huwa zimeviringika, na kuzunguka ulimi huonekana bonde dogo ambalo msasa ulizama kwa sababu mti ni laini kuliko chuma. Kitako kilichochongwa baadaye huonyesha jambo la tatu: nafasi zisizo sawa, upande mmoja ukibana na mwingine ukiacha upenyo unaoingiza ncha ya kisu, au upenyo uliojazwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao.

Hapa lazima unyevu uhesabiwe, kwa sababu mti husinyaa na kuvimba kwa upana wake na si kwa urefu wake. Upenyo mwembamba ulio sawa pande zote mbili za ulimi unaweza kuwa umesababishwa na miaka mia ya kukauka tu. Upenyo ulio kwenye mwelekeo wa urefu, yaani pale ambapo kichwa cha kitako kinagusa mgongo wa mtambo, hauletwi na kukauka. Huo umeletwa na mti uliolainika kwa mafuta ukapondwa na kishindo cha risasi, au na kitako ambacho hakikutoshea tangu mwanzo.

Ndani ya mchimbo natakiwa kuona nini?

Fundi aliyeidhinishwa akishaivua bunduki, tazama rangi kwanza. Mchimbo wa zamani huwa mweusi au kahawia iliyoiva, na kichwa cha kitako mara nyingi kimelowa mafuta, kwa sababu bunduki ziliegemezwa ukutani zikiwa zimesimama na mafuta ya mtambo yakateremka kwenye mti kwa miaka mingi. Mti mweupe na mkavu nyuma ya mtambo uliochakaa ni kama kola mpya kwenye shati lililopauka. Utazame pia umbo la chuma lilivyojichapa: kila kona, kila kichwa cha skrubu na kila springi huacha kivuli chake kwenye mti iliokaa nao. Vivuli visivyolingana na chuma kilichopo humaanisha kwamba kitako kilitoka kwenye bunduki nyingine.

Alama za zana zisikupoteze. Mashine za kuchonga maumbo yasiyo ya mviringo, ambazo Thomas Blanchard wa Marekani aliziasisi katika miaka ya kuzunguka 1820, ziliacha mikato ya mviringo inayojirudia kwa mpangilio. Ukiona mikato hiyo kwenye bunduki ya Marekani, ni dalili nzuri. Lakini bunduki nyingi bora za Uingereza zilifungiwa mti kwa patasi na mkono, kwa hiyo alama za patasi zilizo safi na za uangalifu ni za kawaida kwake. Kinachotia shaka ni patasi iliyoparura, mti uliochomwa kwa chuma cha moto ili upate umbo, au mashimo yaliyochimbwa zaidi ya mahitaji.

Skrubu zinasema nini?

Zinasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye bunduki nzuri za Uingereza, mifereji ya skrubu ilipangwa ilalie mwelekeo mmoja, kwa kawaida sambamba na mtutu. Mifereji iliyochanika, au inayotazama kila upande, inaonyesha kwamba mtu amewahi kuifungua bunduki. Hilo haliwi ushahidi wa kubadilishwa kwa kitako, ila linakutaka uangalie kwa makini zaidi. Skrubu za mbao za dukani zilizowekwa mahali pa zile za awali, hasa zile zenye kichwa cha msalaba, ni za matengenezo ya baadaye bila ubishi kwenye bunduki iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1930.

Je, namba ya bunduki huwa imeandikwa kwenye mti?

Mara nyingi ndiyo, na inapopatikana ikalingana na ile ya kwenye chuma, shauri limekaribia kwisha. Viwanda vingi vya Ubelgiji na Ujerumani, na baadhi ya vile vya Marekani, viligonga namba yote au tarakimu zake za mwisho kwenye mti uliofichwa chini ya bamba la nyuma, kwenye kichwa cha kitako au ndani ya kishikio cha mbele. Tazama pia maandishi ya penseli, ambayo hufutika kwa urahisi ukipitisha kitambaa chenye mafuta.

Kukosekana kwa namba hakumaanishi lolote hadi ujue desturi ya mtengenezaji huyo. Namba isiyolingana, kwa upande mwingine, ni ushahidi mzito kwamba kitako ni cha bunduki nyingine ya kiwanda hichohicho. Namba iliyogongwa majuzi hujulikana kwa nyuzi za mti zilizopondwa zikiwa bado nyeupe ndani ya tarakimu, na ukiikuta usiendelee na mazungumzo ya bei.

Chuma chenyewe kinaweza kunipa tarehe ya kulinganisha na mti?

Kinaweza. Bunduki za Ubelgiji zina alama za nyumba ya majaribio ya Liège, ambako mitutu hujaribiwa kabla ya kuuzwa, na kuanzia 1922 huongezewa herufi ya mwaka, ikianza na herufi a. Bunduki za Ujerumani za kati ya vita mbili kuu, hasa za Suhl, mara nyingi zina mwezi na mwaka kwenye mtutu, kwa mfano 3.27 kwa Machi 1927. Ukishapata tarehe hiyo, jiulize kama umbo la kitako ni la wakati wake. Shotigani nyingi za Marekani za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilikuwa na kisigino kilichoshuka sana, takriban inchi 3 chini ya mstari wa mtutu, ilhali baadaye vitako vilinyooka hadi karibu inchi 2½. Bunduki ya 1900 yenye mgongo wa kitako uliopandishwa juu kwa ajili ya shavu huenda imebadilishiwa mti.

## Uso wa kitako

Nitajuaje kama vanishi ni ya awali?

Bunduki za Uingereza zilipakwa kwa kawaida mafuta ya kitani yaliyosuguliwa kwa mkono mara nyingi hadi yazibe vitundu bila kuacha tabaka nene juu. Bunduki za Marekani na za bei nafuu zilipata vanishi au laka, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja rangi ngumu zinazong'aa kama kioo. Kwa hiyo kitako cha Webley & Scott cha miaka ya 1920 kinachong'aa kama meza ya sebuleni kimepakwa upya, ingawa mti wake unaweza kuwa ndio wenyewe.

Angalia kama vanishi imeingia mahali isipopaswa: ndani ya nakshi, juu ya vichwa vya skrubu, ndani ya mikwaruzo ya zamani. Mkwaruzo uliojaa vanishi ulitangulia kuwapo kabla ya vanishi hiyo. Kwenye chumba chenye giza, taa ya miale ya urujuani husaidia kuona viraka, kwa kuwa sheleki ya zamani huakisi rangi ya chungwa na vanishi za kisasa huakisi kwa namna nyingine. Uso uliopakwa mara moja tu huonekana wa aina moja kutoka shingoni hadi kisiginoni.

Nakshi zilizokwaruzika ni dalili mbaya?

Hapana, ni dalili njema. Nakshi ni vialmasi vinavyotokea mistari inapokatizana kwenye shingo na kwenye kishikio. Za asili huwa zimelainika zaidi pale kiganja kinapokaa, zikabaki kali pembezoni, na kuna uchafu mgumu ndani ya mifereji. Zilizokatwa upya huwa kali kila mahali, mistari yake huvuka mpaka, na mara nyingine mifereji miwili huonekana ndani ya mmoja kwa sababu zana haikufuata njia ya kwanza. Nakshi zilizogandamizwa kwa mashine, ambazo almasi zake zimezama badala ya kusimama, ni za miaka ya 1960 na kuendelea kwenye viwanda vikubwa vya Marekani. Zikionekana kwenye bunduki ya kabla ya hapo, mti si wake.

Uchakavu wa kweli hukaa wapi?

Hukaa pale mwili unapogusa: shingoni upande wa kidole gumba, mgongoni upande wa shavu, na chini ya mtambo ambapo bunduki hubebwa kwa mkono mmoja. Mtu anayezeesha kitako kwa makusudi hukikwaruza pande zote sawasawa, na hukisahau kisigino, ambacho ndicho huumia zaidi bunduki inaposimamishwa sakafuni. Uchakavu wa mti ulingane pia na wa chuma. Mtambo uliong'oka rangi yote hauwezi kuwa umeishi na shingo isiyo na doa.

## Bamba la nyuma na urefu

Kitako changu kina mpira nyuma. Je, kimekatwa?

Pima kutoka kwenye kifyatulio cha mbele hadi katikati ya ukingo wa nyuma. Bunduki nyingi za Marekani zilikuwa karibu inchi 14, yaani sentimita 35.6, na za Uingereza huzidi hapo kidogo. Ukipata inchi 13 bila kuhesabu mpira, kuna mti uliokatwa. Lakini watengenezaji wa Uingereza waliweka mipira kwa maombi ya mteja, kwa hiyo mpira wa zamani uliopasuka na kuwa mgumu unaweza kuwa wa awali.

Kibati kidogo cha dhahabu au fedha chenye herufi za jina, kilichozamishwa upande wa chini wa kitako cha Kiingereza, ni msaada mkubwa. Kiliwekwa kwa umbali wa wastani kutoka nyuma, na kikionekana kimesogea karibu mno na ukingo, msumeno umepita hapo.

Bamba la nyuma limejitokeza kidogo pembeni kuliko mti. Ni kosa la fundi?

Kwa bamba la chuma lililotokeza kwa unene wa karatasi pande zote mbili, hiyo ni dalili bora ya umri. Bamba na mti vilisuguliwa pamoja vikiwa sawa. Mti ukasinyaa kwa upana, chuma kikabaki. Mpira mgumu mweusi wa zamani nao hugeuka kahawia kwa mwanga wa miaka mingi, na weusi wake hubaki pale tu ambapo haukupata mwanga. Bamba la pembe huliwa na wadudu, na hapa kwetu si ajabu kukuta limebadilishwa kwa mpingo huku kitako chote kikiwa cha asili.

## Nyufa na mazingira ya Ziwa

Kitako kina nyufa na kimefungwa waya au ngozi. Je, kimepoteza uasili?

Kimepoteza ukamilifu, lakini hakijapoteza uasili. Ufa nyuma ya ulimi au shingoni ni jeraha la kawaida, kwa sababu kishindo chote hupita hapo. Kitako cha mjozi cha asili chenye ufa uliofungwa kwa ngozi iliyoshonwa ikiwa mbichi, au kwa pini ya shaba, nakithamini kuliko kitako kipya kisicho na doa, na wanunuzi makini wanazidi kufikiri hivyo. Usiivue ngozi hiyo ili kutazama chini yake. Ipigie picha, na utafute ushahidi mahali pengine.

Unyevu wa Ziwa hubadilisha alama hizi?

Hubadilisha kidogo, na kwa njia inayotabirika. Bunduki iliyokaa kwenye nyumba ya ufukweni Ukerewe itakuwa na kutu zaidi chini ya bamba na mti uliovimba kuliko ya Shinyanga. Mchwa na bungua huacha vitundu vya mviringo au mifereji, na kwenye kitako cha kweli vitundu hivyo hukatiza hovyo. Vikikatika ghafla kwenye mstari ulionyooka, kipande kipya kimeungwa hapo. Bunduki zilizohifadhiwa juu ya jiko hupata weusi wa masizi unaofanana na umri, ila weusi huo hukaa juu tu na haumo ndani ya mchimbo.

## Hali zisizo za kawaida

Browning yangu imeota kutu pale tu mti unapogusa chuma. Je, ni maji ya Ziwa?

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na kutu ya unyevu huenea hata kwenye mtutu. Kutu iliyobana kwenye mstari wa mti huelekeza kwenye tatizo linalojulikana: kati ya miaka ya katikati ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, baadhi ya mbao za mjozi za Browning zilikaushwa kwa chumvi, na chumvi hiyo ikabaki ndani ikivuta unyevu. Kitako cha namna hiyo ni cha asili na wakati huohuo kinaiangamiza bunduki. Fundi anaweza kupima kwa tone la naitreti ya fedha kwenye mti mtupu, ambalo hugeuka jeupe penye chumvi. Kampuni ilibadilisha vitako vingi vya aina hiyo, kwa hiyo Browning ya miaka hiyo yenye mti wa kiwanda wa baadaye haipaswi kuhukumiwa kama bunduki nyingine zilizofungwa kitako cha kiwanda miaka mingi baadaye, zilizotajwa kwenye swali la kwanza.

Muuzaji ana hadithi ndefu ya familia. Niipe uzito gani?

Isikilize kwa heshima, iandike, kisha ipime kwa mambo yanayojulikana. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo bidhaa za ng'ambo zilipitia Mombasa hadi Kisumu, ambako reli ilifika 1901, kisha meli za Ziwa. Hadithi ya bunduki iliyoteremshwa stesheni ya Mwanza mwaka 1920 ina kasoro mahali fulani, ingawa mzee anayeisimulia anaweza kuwa amechanganya mwaka tu. Hadithi inaeleza bunduki ilikotoka. Haielezi kama kitako ndicho kilekile, isipokuwa msimulizi alishuhudia kikivunjika.

Shingo ni ya mjozi lakini nusu ya nyuma ni mti mwingine. Niiite nini?

Ni kitako cha asili kilichoungwa. Kwa Uingereza ilikuwa kazi inayoheshimika kuongeza kipande nyuma ili kurefusha, na kipande hicho hulingana kwa nyuzi. Kwa hapa, mara nyingi ni mninga uliounganishwa kwa gundi na pini baada ya kuvunjika. Eleza hivyohivyo kwa mnunuzi, pamoja na urefu wa kila sehemu.

Nimethibitisha kwamba kitako ni kipya, kimechongwa kwa mninga kwa ustadi mkubwa. Nikibadilishe?

Usikimbilie kufanya hivyo. Kitako cha mjozi kilichonunuliwa leo hakitakuwa cha asili kuliko hicho cha mninga, na kukifunga kutahitaji kuchongwa upya ili kikubali mtambo. Kama kilichopo kinatoshea, hakina ufa na hakichezi, kiache, na uandike kilichongwa na nani, wapi na lini iwapo familia inakumbuka. Uliza pia vilipo vipande vya kitako cha kwanza. Mafundi wengi huvihifadhi kama kielelezo cha kuchongea, na kishikio, bamba la nyuma au hata kipande kimoja cha shingo chenye namba kikipatikana, kihifadhiwe pamoja na bunduki bila kusafishwa.